Njia Ndefu ya Kwenda Kaburini

Mdogo wangu alizikwa Ayalandi, mimi nikiwa hapa Malvern, Johannesburg, nashona sare za shule. Viza haikutoka. Tuliletewa habari tu kwamba ameshazikwa, makaburi yako pembeni ya kanisa, karibu na bahari. Mama yangu kule Tanga alikuwa na swali moja, akalirudia kila siku: "Wamemlaza kibla?" Lile swali lilininyima usingizi. Katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, Mwislamu alikuwa yeye peke yake. Nani angejua kumlaza kwa ubavu wa kulia, uso uelekee Maka?

Alikuwepo rafiki yake, Mkongo wa Bukavu, wakifanya kazi pamoja. Siku ya mazishi yeye alikuwa zamu. Jumapili moja akanipigia kwa video, akasema ananipeleka kaburini kwa gari lake. Nikaegemeza simu kwenye cherehani pale dukani kwangu, nikajifunga ushungi vizuri, kama ninayetoka kweli.

Kule mvua ilikuwa inanyesha, na haikukatika. Hapa mtaani kwetu, Jules Street, baridi kavu ilikuwa inatupasua midomo. Akanionyesha mashamba ya kijani kibichi yaliyokatwakatwa kwa kuta za mawe.

"Dada, ona kwanza ile kondoo."

Nikamwona kondoo, amelowa chapachapa. Tukaingia mji wa pwani, nyumba za waridi na njano zimebanana, barabarani hakuna mtu. Akashuka kununua kahawa. Tukaingia mji wa pili. "Ona kwanza hii bahari, dada. Mudogo yako alikuwa anaipenda."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. "Kaka, sikuvaa ushungi nije kutazama kondoo. Kaburi liko wapi?"

"Tuko tunafika."

Hatukufika. Akazunguka njia ya mlimani, eti ile ya chini imejaa maji. Hapo nikajua kuna jambo ananificha. Nikawaza mabaya yote, mpaka nikashindwa kujizuia.

"Wamemchoma?"

"Hapana! Hapana, dada."

Akasimamisha gari. Akasema bila kuitazama simu: "Pardon, dada. Balimuchimbia mubaya. Nilikuwa nasikia haya kukuonyesha."

Akashuka na mwavuli. Nikaona kanisa la mawe, nyasi, na makaburi yamepangwa safu kwa safu kama madawati. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, palikuwa na tuta la udongo mbichi lililokatiza safu. Wenzake wote walilala huku, yeye kalala kule, kaziba hata kijia cha kupita.

"Unaona? Bengine boote beko sawa. Ye peke yake iko ku upande."

Kisha nikamwambia asimame kichwani, penye kibao, atazame miguuni, anionyeshe jua linakotoka. Akanyoosha mkono wa kulia. Kutoka Ayalandi, Maka iko upande huo.

Nikalia kwa sauti, mpaka wapita njia wakachungulia dukani. Kuna mtu siku ile alijua. Alisimama kwenye mvua ile akabishana na wachimbaji mpaka wakakubali kuharibu safu yao. Simjui hadi leo, na simwachi katika dua zangu. Hata humu dukani mswala wangu hukaa mshazari kati ya cherehani na mlango, na wateja wenye huruma huunyoosha kwa ncha ya kiatu.

Yule kaka wa watu alidhani nalia kwa uchungu. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, mwavuli ameshausahau.

"Dada, usilie. Kesho nitaambia bale bachimbaji, baiweke sawa na ya bengine."

"Thubutu!" nikamkemea. "Liache hivyohivyo lilivyo."

Nikakata simu, nikampigia mama.