Ndengu za Ruguru na Pamba ya Kusini

Siku hiyo Mwalimu Ruguru alifundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, lakini roho yake ilikuwa nyumbani, Kiambere, karibu na bwawa, kwenye kipande cha mwisho cha shamba kilichobaki cha chakula. Kwingine kote mumewe, Muchangi, alishapanda muguka, majani ya kutafuna yanayouzwa pwani. Miche zaidi ilingoja nyuma ya jikoni, na vibarua wangekuja Jumamosi kuipanda hapo.

Aliwaeleza wanafunzi kwamba Kaskazini, wanaume walipokwenda vitani, wanawake walishika mashine za kuvuna na ngano ikaongezeka. Kusini waliegemea pamba, iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Meli za adui zilipoziba bandari, pamba ilirundikana bila mnunuzi. Watumwa wakaondoka kutafuta uhuru wao, majeshi yakachoma maghala, na wengi wakakosa chakula.

Jioni alimsimulia mumewe. Muchangi alicheka, akamkumbusha kwamba karo ya watoto ilitoka kwenye muguka. Hapo hakusema uongo. Lakini hakutaja juma lile magari ya kupeleka muguka pwani yalipozuiwa, muguka ukanyauka maguniani, nao wakaishi kwa ndengu za kipande hichohicho.

"Mwalimu, hao walikuwa na vita. Sisi tuna vita gani?" aliuliza Muchangi.

Ruguru aliona ni kosa mtu mwenye ardhi kumwachia mnunuzi wa mbali tumbo la watoto wake, hata kama leo analipwa vizuri.

Ijumaa alipotoka shuleni alishika jembe. Wambeere, watu wa huko, hupanda kavu, mbegu ikangoja mvua ardhini, ila husubiri kwanza mawingu. Yeye alipanda ndengu bila wingu hata moja, akijua mchwa na ndege wangeweza kumaliza mbegu yote aliyoihifadhi. Huko kwao mume anaweza kugeuza shamba zima, lakini mbegu aliyoifukia mkewe haifukui.

Asubuhi Muchangi aliwatangulia vibarua, akaona mistari, akasimama.

"Mama Mutugi, umepanda lini?"

"Jana."

"Na mvua iko wapi?"

"Inakuja."

Kibarua mmoja alinong'ona kwamba mwalimu ana namba ya simu ya Mungu. Muchangi hakucheka. Aliwapeleka wakapalilie muguka, kisha akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba ndengu zisipoota kufikia mwisho wa mwezi, atachimba hapo mashimo ya muguka. Ruguru alikubali.

Jumatatu alisahihisha madaftari kiti kikielekea dirishani. Kila wingu lililopita juu ya bwawa lilimwinua kitini.