Mngoni Aliyepewa Heshima

Mwaka ule wa sabini na mbili hakuna mtu aliyeheshimiwa pale Magomeni ya Mtwara kumshinda Kasiani Komba, na heshima yenyewe ilikuwa inammaliza.

Alikuwa fundi wa winchi bandarini, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua ila kanisani na kitandani. Yeye na mkewe Rozalia, Mama Raheli kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, walitoka Songea wakati bandari yetu ingali mpya, wakajenga jirani na mimi. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa makuti. Kwa hiyo haya nisemayo mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, na mengine niliyasikia tu, maana makuti hayazuii kitu.

Rozalia ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Mumewe akiulizwa habari za kazi, yeye ndiye anayejibu. Na alihitaji mdomo kwelikweli, kwa sababu njia panda ya mtaa wetu alikaa Mwaisha binti Chande, Myao wa Tunduru, mkaanga mihogo. Myao na Mngoni ni watani, hilo nani asiyelijua. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wajukuu wakarithi matusi. Kila asubuhi Kasiani akipita kwenda bandarini, Mwaisha alimdaka.

"Wee Mngoni! Mtumwa wangu! Nani kakupa ruhusa ya kupita hapa?"

Alimvua kofia, akaivaa yeye, akaendelea kugeuza mihogo yake kana kwamba hakuna mtu mbele yake. Kasiani alisimama akichekea tumboni, akisubiri mkewe atoke kumkomboa. Na Rozalia akitoka, mtaa mzima uliweka kazi chini. Wanawake wale walitukanana koo kwa koo, kaburi kwa kaburi, mpaka wakaishia kushikana mabega kwa kicheko. Kofia ilirudi kichwani kwa mwenyewe, na kipande cha muhogo wa moto mkononi. Mimi kwetu Mikindani, si Myao wala Mngoni, na nawaambia niliwaonea wivu.

Rozalia alifariki masika ya mwaka uliotangulia, kwa homa iliyomchukua haraka. Siku ya mazishi hakuna aliyelia kumshinda Mwaisha. Lakini mtani ana kazi yake msibani, na siku ya kuvunja matanga Mwaisha aliifanya. Alijifunga kitenge cha marehemu, akajishika kiuno kama marehemu alivyojishika, akatoka chumbani akivuta sauti kupitia puani: "Baba Raheliii! Shati gani hilo umevaa? Unataka watu waseme sikufui?"

Watu walicheka, machozi yakiwatoka. Ndivyo inavyotakiwa, aliyekufa anarudishwa kidogo, watu wamcheke, kisha aachwe aende zake. Ila Mwaisha aliipata sauti ile sawasawa mno. Kasiani aliniambia kwamba kwa nukta moja aliamini mkewe yuko chumba cha pili, na alipoinua macho akamwona Myao wa mihogo. Aliinuka, akamvua kitenge kile kwa nguvu mbele ya watu.

"Toka nyumbani kwangu," alisema.

Sheikh mmoja mzee akainamisha macho. Katika maisha yangu sijaona mtu akimkasirikia mtani msibani, na sidhani kama kuna aliyekuwa pale aliyewahi kuona. Mwaisha alikiokota kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya mkeka, akaondoka.

Sasa sikilizeni adhabu aliyopewa. Watani hawakumnunia, kwa kuwa mtani hanuni. Waliacha tu. Kasiani alipopita njia panda kwenda kazini, Mwaisha, aliyemzidi umri, aliinuka kwenye kigoda na kuinama kidogo.

"Shikamoo, Mzee Kasiani."

Kofia ikabaki kichwani. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Habari zikaenea kwa Wayao wote. Makuli wa bandarini, waliokuwa wakimwita chakula cha Wayao, wakaanza kumpisha njia: "Pita, mzee." Sokoni Rahaleo wauza samaki wa Kiyao walimfungia samaki wake bila neno. Ilikuwa adabu tupu, kutoka asubuhi hadi jioni.

Alikonda. Msiseme ni ujane peke yake, wajane nimewaona. Huyu alikuwa amefiwa na mke na hapohapo akafiwa na maadui zake, na nyumba isiyotukanwa na mtu ni nyumba ambayo watu wameshaanza kuisahau. Nilimhurumia sana, lakini ningemwita mtumwa wangu mimi nisiye mtani wake, ningekuwa nimemtukana kweli.

Alijaribu kuomba radhi. Alikwenda kwa Mwaisha na kifurushi cha sukari, akasimama mlangoni akababaika.

"Hakuna neno, mzee," Mwaisha alimwambia kwa upole. "Yamekwisha." Asubuhi yake, shikamoo ikawa palepale.

Nilimcheka kupitia uani. "Baba Raheli, utani hauombewi radhi. Ulitoka kwa mlango, rudi kwa mlango huohuo."

"Mlango wenyewe Rozalia ndiye aliyekuwa na ufunguo," alinijibu. "Mimi nitasema nini?"

Ikafika Saba Saba ya sabini na mbili. Miaka ile Saba Saba ya Mtwara ilikuwa ngoma, na ngoma ilikuwa uwanja mzima. Walikuja watu wa Mtawanya kwa miguu, wa Msimbati kwa lori, wa Newala na Masasi kwa mabasi. Wamakonde waliovuka Ruvuma kukimbia vita vya Mreno walikuja na vinyago vyao na miti mirefu ya kutembelea. Rozalia hakukosa hata mwaka mmoja. Hakuuliza ngoma ni ya nani. Akisikia mdundo wa kumfaa, alivua kandambili zake, akamkabidhi mumewe, akaingia. Kazi ya Kasiani ngomani kwa miaka yote ilikuwa hiyo, kushika kandambili za mkewe. Alisimama kwenye mlingoti wa goli upande wa baharini, viatu mkononi, akitazama. Hakucheza. Wala hakuwahi kwenda ngomani peke yake. Mtu huyo alipelekwa.

Mchana ule nilimsikia anafunga mlango. Kisha akafungua. Kisha akafunga tena. Nilipochungulia, alikuwa amevaa shati jeupe na kofia yake, amesimama barabarani kama mgeni anayetafuta njia. Halafu akaanza kutembea kufuata sauti. Nikajitanda kanga yangu nikamfuata kwa mbali; umbea, lakini na mapenzi pia.

Upepo wa kusi ulikuwa baridi kidogo, na wapigaji walikuwa wamewasha moto wa makuti kukausha ngozi za ngoma zao. Moshi ulitambaa chini chini uwanjani. Kasiani alikwenda moja kwa moja kwenye mlingoti wake. Hapo ndipo nilipoona taabu yake. Hakujua mikono aifanye nini. Aliitia mfukoni, akaitoa. Aliifunga nyuma, kama mwalimu wa zamu. Akaivua kofia akaishika, akaona haitoshi, akaivaa tena. Nilitamani nimpe mtoto ambebe.

Watu walimsalimia wakipita. "Pole, mzee." "Shikamoo, mzee." Wakampisha, wakamwachia nafasi ya kutosha ng'ombe wawili, na ile nafasi ndiyo ilimfanya aonekane peke yake zaidi.

Mara wanawake wa Kiyao wakatengeneza duara lao karibu kabisa na goli, wamevaa kanga za sare. Mwaisha alikuwa mbele. Mwili ule mnene ukisikia ngoma ulikuwa mwepesi ajabu. Alivua kandambili zake, ukanda wa moja umefungwa kwa waya, akazisukuma kando kwa mguu, akaingia duarani. Zikabaki kwenye mchanga, hatua chache kutoka kwa Kasiani.

Alizitazama muda mrefu. Akatazama watu. Nilijua anachowaza na nikaanza kuomba Mungu, maana kama angekosea mara ya pili, pasingekuwa na mara ya tatu. Basi akainama, akaziokota, akasimama nazo mkononi kama alivyosimama miaka yote.

Ngoma ikapumzika. Mwaisha akatoka anahema, anajifuta jasho, akipapasa mchanga kwa mguu kutafuta viatu vyake. Kisha akaviona vilipo. Wenzake nao wakaona, mmoja baada ya mwingine.

Kasiani alikohoa. "Hizi," alisema, kisha akaanza upya. "Hizi ni mali yangu. Babu yako alipomkimbia babu yangu aliacha viatu njiani. Nimekuja kuchukua."

Haukuwa utani mkali. Rozalia angemwonea aibu. Hakuna aliyecheka; wote walimtazama Mwaisha, na Mwaisha alimtazama yeye bila kupepesa. Kisha, polepole, akainama.

"Shikamoo, Mzee Kasiani. Naomba viatu vyangu, tafadhali."

Nilidhani yamekwisha. Nilimwona Kasiani akishusha mkono wenye kandambili. Nikasema moyoni, atarudisha huyu, ataomba radhi, atakwenda kufa kwa heshima zake.

"Sirudishi," alisema.

"Hurudishi?"

"Tangu lini Myao akawa na adabu? Nani kawafundisha? Kila mahali shikamoo, shikamoo, mpaka masikio yananiuma!" Sauti ilikuwa imepanda mpaka wapigaji wakageuka. "Sirudishi viatu mpaka nitukanwe. Nitukane, Mwaisha. Nakuomba."

Mwaisha alichukua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni upya, kwa fundo la ubavuni, akajishika nyonga. Nilipoona fundo lile la Rozalia, nilisogea karibu. Akafungua mdomo, na sauti ikatokea puani.

"Baba Raheliii! Viatu vya nani hivyo umeshika? Mwanamke gani huyo? Na vyangu umeviweka wapi?"

Kasiani alifumba macho. Nilimwona anaisikiliza sauti ile mpaka mwisho wake, kama mtu anayesikiliza kitu anachokijua. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na hatukujua ni kilio au kicheko mpaka vyote viwili vilipomtoka pamoja, machozi mpaka kidevuni.

"Viko nyumbani, Mama Raheli," alimjibu. "Viko chini ya kitanda. Sijavigusa."

Mwaisha naye alikuwa analia, lakini mtani hodari hasimami njiani. Alirusha mkono, akamvua kofia ya pama, akaivaa yeye, upande upande.

"Sikieni!" alipaza sauti. "Mtumwa wangu aliyenitoroka amerudi!"

Vigelegele vilivyopigwa pale sijui kama Mikindani hawakuvisikia. Ngoma zikaanza tena. Mwaisha alirudi duarani peku na kofia kichwani, na Kasiani akabaki kwenye mlingoti wake, kandambili za Myao mkononi, mikono yake imepata kazi.

Asubuhi nilisikia mlango wake unafungwa mara moja tu. Alipita uani kwangu kichwa wazi, akitembea upesi kuliko ilivyohitajika kwenda bandarini. Nikaacha chai yangu, nikasimama kusikiliza.

"Wee Mngoni!"