Baba Mdogo Aipaka Sahani Rangi

Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, ndiye mlinzi, fundi na msemaji wa mtandao wetu. Zamani alikuwa mwezekaji wa mabati. Kifaa cha setilaiti kilipoletwa kijijini, alitafutwa mtu asiyeogopa kupanda paa, naye akapanda. Tangu hapo anaitwa Bwana Anga, jina analolipenda mno ingawa hujifanya linamkera.

Kifaa chenyewe ni sahani bapa, nyeupe, pana kama sinia. Imelala chali juu ya paa la zahanati na kuongea na setilaiti zinazopita huko juu. Chini yake kuna chumba cha betri, na pembeni mnara mfupi unaorusha mtandao hadi shuleni ninakofundisha. Hakuna mtandao mwingine huku kwetu. Baba mdogo huifuta vumbi kila asubuhi, na ole wako uanike sufuria karibu nayo.

"Sufuria inaziba mawimbi!" hufoka. "Mnataka tuwe viziwi?"

Mama mdogo, mkewe, huiita sahani hiyo mke mwenza. "Mimi sijafutwa vumbi tangu nimeolewa," husema, na mumewe hucheka mpaka akohoe. Nawapenda hawa watu wawili, siwezi kuficha.

Mwaka huu moyo wa mama mdogo ukaanza kumsumbua. Hospitali kuu, mwendo wa siku mbili kwa gari, ikampangia upasuaji, na binti yao akamsindikiza. Baba mdogo alitaka kwenda, lakini zahanati ingebaki bila mtu wa mtandao, na mama mdogo mwenyewe ndiye aliyemkatalia. Wakaahidiana jambo moja tu: asubuhi ya upasuaji, kabla hajaingizwa ndani, waonane kwenye simu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo baba mdogo alinyoa ndevu, akapiga pasi shati. Mikono bado ilikuwa inamwasha kufanya kazi. Akaiona sahani imepauka, akakumbuka ana kopo la rangi ya mabati, ile inayong'aa. Akaipaka, mara mbili kamili, kwa mapenzi yote.

Asubuhi mtandao haukuwepo. Nilimkuta kwenye chumba cha betri, shati limelowa jasho. Alikuwa amezima, amewasha, amekagua waya mmoja mmoja, amewatukana panya. Nikapanda ngazi kuangalia, na mng'ao ukanifumbisha macho.

"Baba mdogo, umeipaka nini hii?"

"Rangi ya mabati. Imependeza, eh? Nilisema mama yako mdogo akipiga..." Rangi ile huchanganywa na unga wa aluminiamu, madini yale yale ya sufuria. Akashika kichwa. "Nimeifunika kwa sufuria, mimi mwenyewe! Mwanangu, ataingia huko akidhani nimemtupa."

Machozi yakamtoka waziwazi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hii ilikuwa rangi, tena haijakauka sawasawa. Muuguzi wa zahanati akaleta mafuta ya taa na vitambaa, tukapiga magoti juu ya paa watu watatu tukisugua. Baba mdogo alisugua huku akipangusa machozi, na rangi ikahamia usoni kwake.

Tukashuka kwenye chumba cha betri, na taa ya kifaa ilipogeuka kijani, simu ya baba mdogo ikalia papo hapo.

"Baba! Tumepiga weee!" Alikuwa binti yake, anahema. "Wanamchukua sasa hivi!"

Akaigeuza simu. Mama mdogo alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kijani kichwani, macho yamevimba. Akamtazama mumewe aliyeng'aa mpaka masikioni.

"Na huyu nani?" akauliza, kisha akacheka hadi wahudumu wakamsihi atulie.

Baba mdogo alikuwa amepanga maneno wiki nzima: dua, shukrani, msamaha. Hakukumbuka hata moja.

"Nilidhani hutaki kuniaga," mama mdogo akasema kwa sauti ndogo.

"Sikuagi mimi," akajibu. "Nakungoja."

Kitanda kikasukumwa, mlango ukafungwa. Binti alitaka kukata simu, babake akamkataza. Akaketi sakafuni penye betri akiutazama mlango ule kwenye simu, hali chakula, mpaka ulipofunguliwa na daktari akatoka akitabasamu.