Upande Wangu wa Shogi

Harufu ya miyaa mibichi hunikosesha raha hadi leo. Nikipita penye watu wanaosuka mikeka, moyo hunirudisha Kikoneni, miaka ile uhuru ulipokuwa bado mpya, siku ndugu yangu mdogo Salimu alipozidiwa na homa.

Mvua ilikuwa imekata njia na basi halikuja. Mjomba akaleta punda wake na shogi, lile la miyaa lenye mifuko miwili ya kubebea nazi, mmoja kila ubavu. Salimu akalazwa mfuko mmoja. Kwa kuwa mzigo wa punda sharti ulingane, mimi nikatiwa wa pili, badala ya nazi.

Salimu alikuwa amekonda, nami, wenzangu, nilikuwa mtoto wa kushiba. Mjomba alimwongezea madafu miguuni, lakini upande wangu bado ulivuta chini.

“Tulia, Zubeda mwanangu,” akaniambia. “Ukijigeuza mtaanguka nyote.”

Nilijikaza hata shingo ikaniuma. Kila punda alipokanyaga shimo, nilidhani nimemuua ndugu yangu. Mama alitembea upande wa Salimu njia nzima, mkono wake juu ya mfuko wa ndugu yangu, wala hakuja kwangu hata kunichungulia. Niliogopa Salimu atakufa. Niliogopa pia kuwa mimi sipendwi, na hofu hii niliionea haya.

Tulipofika hospitali ya Msambweni alidungwa sindano, na baada ya siku kadhaa akaanza kuomba uji. Alhamdulillahi, alipona. Mimi nikabaki na kinyongo changu.

Baadaye, shuleni, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno *unevenly*, akauliza maana yake. Nikasimama nikasema, “Ni kama mama mwenye watoto wawili, na mkono wake uko kwa mmoja tu.” Mwalimu akanisifu, akaandika kando ya neno lile: ‘bila usawa’. Nilikaa chini nikainamia daftari langu.

Nilipoolewa nilianza kupeleka nazi sokoni kwa punda. Siku ya kwanza mzigo ulilemea upande mmoja, nami nikahangaika kuuinua. Mume wangu akaniambia niuache ule mzito, niende upande wa pili nikaukandamize ule mwepesi, na nisiuachilie mpaka tufike.

Nikauweka mkono, kisha nikashindwa kupiga hatua. Mama alikuwa ametembea kutoka Kikoneni hadi Msambweni akiukandamiza upande wa Salimu, ili mimi nisianguke.