Mafundo ya Mume Wangu Kwenye Paneli za Sola

Jamani, niliwahi kukutana na mikono ya mume wangu kiwandani, na mwenyewe yuko nchi za watu.

Msinione mwehu. Tulieni niwasimulie.

Mume wangu ni fundi umeme. Kazi hapa zilimgomea, akaenda ng'ambo kwenye kiwanda cha paneli za sola. Akiaga alisema, "Wakijenga kiwanda kama hicho nyumbani, narudi siku hiyohiyo."

Nikabaki na chumba kimoja na redio. Ukiishi peke yako unafika mahali unamjibu mtangazaji wa taarifa ya habari.

Ni redio hiyo iliyotangaza: serikali imepiga marufuku paneli za kutoka nje. Zitauzwa zilizotengenezwa hapa tu. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani.

Kiwanda kikafunguliwa. Nikapata kazi.

Kazi yenyewe sasa! Makontena yanaingia na paneli nzima nzima, zimeshatengenezwa hukohuko nje, eti vipuri. Sisi tunabandua lebo ya kule, tunabandika "Imetengenezwa Nyumbani." Mashine za kutengenezea zipo, bado zimevaa nailoni zake, na fundi umeme hana kazi hapo.

Siku moja nageuza paneli, naona nyaya za nyuma zimefungwa kwa uzi. Fundo juu ya fundo, mkia umechomekwa ndani.

Mtu mmoja tu hufunga hivyo. Kamba ya kuanikia nguo aliifunga hivyohivyo, na mfuko wa taka hivyohivyo!

Tangu hapo nikawa nayatafuta mafundo hayo. Nikipata fundo lake nalishika kwanza, na kama hakuna anayeangalia, nalibusu. Siku nisipolipata narudi nyumbani nimenuna.

"We dada, unaongea na paneli?" akanicheka mwenzangu wa meza moja.

"Nasalimia tu."

Siku ya mkaguzi wa serikali, bosi alituvisha makoti meupe, akatupanga mbele ya mashine. Nailoni zilishavuliwa.

"Mkiulizwa, mnaunganisha paneli. Atakayeropoka atanitambua!"

Nikawaza: nikisema ukweli, watalazimishwa kutengeneza kweli, na mume wangu atarudi. Nikinyamaza, nitabusu nyuzi mpaka nizeeke.

"Mama, wewe unafanya nini hapa?" mkaguzi akaniuliza.

"Nabandua lebo za nje, mheshimiwa. Mashine hii haijawahi kuwaka."

Bosi alinitazama, ningekuwa karatasi ningeungua.

Lakini hakuna mashine iliyowashwa. Kiwanda kilifungwa, geti likapigwa kufuli, nikarudi kwa redio yangu.

Haukupita muda, mume wangu akapiga simu.

"Oda za huko nyumbani zimekatwa ghafla. Wametupunguza. Naenda nchi nyingine na wenzangu, kuna kazi."

"Rudi basi," nikasema.

"Unajua hii ndiyo mara ya kwanza unaniambia nirudi? Kila nikipiga unasema pambana, usijali, mimi niko sawa. Nikajua hunihitaji tena. Tiketi nimeshakata, mke wangu. Wenzangu wananisubiri."

Nililia simu ikiwa bado sikioni.

Ndugu zangu, sera nzuri zikija zifurahieni. Ila kama unataka mtu wako arudi, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi kazi hiyo niliiachia serikali, na serikali haimjui mume wangu.