Treni ya Lavonne Hruska

Katika Kilabu cha Korongo, cha kulenga shabaha kwa mtindo wa kizamani, hakuna anayeitwa jina alilopewa na mama yake. Ukijiunga, unajichagulia jina la kizamani, la mtu wa farasi na bastola, linaandikwa kitabuni, na tangu siku hiyo ndilo jina lako. Mwenyekiti ni Jaji, ambaye hajawahi kuamua hata kesi ya kuku. Alikuwa kinyozi mjini mpaka magoti yakamgomea. Anayeshika saa ya mlio, inayopima muda wa kila mlengaji, ni Shangazi Pilipili, mwalimu wa hesabu. Emil Hruska ni Ngurumo. Na mke wa Emil, kwa miaka kumi na minne mfululizo, aliandikwa kwenye ubao wa kazi "Mke wa Ngurumo", kwa sababu hakuwa mlengaji, na asiyelenga hapewi jina.

Kazi zake zilijulikana. Alipaka rangi sahani za chuma za kulengwa, aliokota maganda ya risasi, alisimama na wahesabu kutazama nani kapata na nani kakosa, na saa nne alifungua sanduku la kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki, za plamu. Wanaume wote walimwita shemeji. "Shemeji, leo umetusahau za jibini?" Mazungumzo yao na yeye yalikuwa yakiishia hapo.

Sasa ngoja nikwambie huyo shemeji ni nani. Huku kwetu bonde la Loup, Nebraska, mahindi hunyweshwa na mitambo mirefu ya mabomba iliyobebwa na minara ya magurudumu, inazunguka shamba taratibu kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Lavonne alikuwa na miaka kumi na tisa mtambo wa baba yake ulipokufa katikati ya Julai, jua kali, na fundi akasema atafika baada ya wiki. Msichana alichukua spana za trekta, akafungua giaboksi, akalala chali kwenye tope siku nzima. Jioni mahindi yakanywa maji. Baba yake alikuwa kama wale wazee wote wa Kicheki, mtu wa maneno machache. Alimrushia tu ufunguo wa gari la kazi. Miaka thelathini na moja baadaye wakulima wa kaunti nzima walikuwa wakipiga simu kampuni ya mitambo alikoajiriwa na kusema, "Msituletee mwingine. Mleteni Lavonne." Haya yote kilabuni hayakuwa na maana. Kilabuni alikuwa ni kolache.

Lakini macho anayo, na kwa miaka kumi na minne aliona kilabu kikifa polepole. Sahani zilikuwa zilezile, zimesimama palepale, kiasi kwamba Emil alijigamba anaweza kuzipata zote huku anasinzia. Watu walianza kutoroka mmoja mmoja kwenda kilabu cha ng'ambo ya mto. Mwaka ule walibaki thelathini na wanane.

"Emil," alimwambia mumewe siku moja wanaosha vyombo, "nyie mnapiga ukuta."

"Ukuta gani tena, mama?"

"Ukuta. Kitu kisichotembea ni ukuta. Mnavaa kofia, mnavaa mikanda, mnajiita majina ya kutisha, halafu mnapiga ukuta."

Emil alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Ila alipoona mkewe hacheki, akajua banda la nyuma halitakuwa lake tena msimu huo.

Lavonne alijenga treni. Alichukua giaboksi kuukuu la mtambo wa maji, mota, betri ya trekta na mnyororo, akachomelea reli ya hatua kumi na tano, na juu yake akaweka kichwa cha treni cha bati na mabehewa matatu ya chuma kizito cha kulengwa. Lilikuwa jambo la kupendeza, usinichukulie kuwa napendelea. Magurudumu yalilia tak-tak, tak-tak, na hata Emil, mwanamume wa miaka sitini na sita, aliendesha swichi mchana kutwa kama mtoto wa chekechea.

Mwezi wa Mei wakaijaribu uwanjani, na ikawa aibu. Makapi ya mahindi yaliingia kwenye mnyororo, treni ikakwama mara mbili. Mbaya zaidi, Jaji na wenzake watatu wanatumia baruti nyeusi, ile ya enzi za mababu yenye moshi mzito. Mtu wa baruti nyeusi akipiga risasi mbili haoni kitu tena. Anapiga kwa kukumbuka. Sahani iliyosimama utaikumbuka. Treni utaikumbukaje, na haipo ulipoiacha? Jaji alipiga kumi akapata tatu, akatoka moshini mweusi kama chungu, amenuna.

"Shemeji, kichezeo chako kinatudhulumu sisi wa moshi," alisema. Uwanja uko ndani ya shamba lake, kwa hiyo akisema, amesema. "Nakupa mwezi mmoja. Juni ikikwama hata mara moja, au mtu wa moshi akishindwa kuilenga, Jumatatu yake inaenda kwa wanunua chuma chakavu, na sisi tunarudi kwenye sahani zetu. Leta kolache, shemeji. Kolache hazikwami."

Watu walicheka. Lavonne naye alitabasamu, lakini njiani kurudi nyumbani Emil, anayemjua, alizima redio. Roho ilimuuma. Si kwa sababu ya kushindwa, maana fundi hushindwa kila siku. Ilimuuma kwa vile hakuna aliyemwuliza angeitengenezaje.

Makapi yalikuwa kazi ya nusu siku, akaufunika mnyororo kwa kipande cha bomba. Moshi ndio ulimnyima usingizi. Jibu alilipata kazini, amesimama kando ya shamba anatazama mtambo wa maji ukienda. Mnara wa mtambo hauendi mfululizo. Unatembea kidogo, unasimama kuwangoja wenzake, unatembea tena. Miaka thelathini na moja alikuwa anautazama ukifanya hivyo. Alirudi nyumbani, akaweka swichi kila mwisho wa reli, na pale ncha mbili akasimika nguzo nyeupe. Hizo zikawa stesheni.

Asubuhi ya mashindano ya Juni aliwaomba watu wamsikilize, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikuwa amevaa gauni refu la kizamani kama kanuni inavyotaka, na mfukoni spana ya nusu inchi ikimvuta gauni upande mmoja.

"Treni itatembea," alisema. "Ikifika nguzo nyeupe, itasimama kwa hesabu ya tatu, halafu itarudi. Behewa la katikati litakuwa mbele ya nguzo, kila safari, palepale. Wenye macho wapigeni ikitembea. Wenye moshi wapigeni stesheni."

"Na ikikwama, shemeji?" Jaji aliuliza.

"Ikikwama, ipakie mwenyewe kwenye gari. Mimi nitakufungulia mlango."

Wakaanza. Sijui nikuelezeje ile asubuhi. Watu waliokuwa wakilenga huku wanapiga miayo sasa walikuwa wanarukaruka. Mmoja alikimbiza behewa kwa mtutu, akakosa mara nne, akatoka anajicheka, anaomba arudie. Wengine walianza kupiga kelele za kusaidia, "Itangulie, lenga mbele yake," na kelele hizo haziharamishwi kwenye mchezo huu. Saa nne ilifika, ikapita, na sanduku la kolache halikufunguliwa. Nani angekula na treni inatembea? Walipita kumi, wakapita ishirini, wakapita thelathini. Treni haikukwama. Wenye moshi watatu walipita salama, ila upepo ulikuwa unawasaidia kuufukuza moshi, na Jaji alilisema hilo kwa sauti ili kila mtu alisikie.

Zamu yake ilikuwa ya mwisho. Na alipopanda jukwaani, upepo wa Nebraska, ambao haujui kupumzika, ukapumzika.

Lavonne alikuwa mmoja wa wahesabu watatu, amesimama pembeni upande wa kushoto. Saa ya Shangazi Pilipili ikalia. Jaji akamaliza bastola zake kwenye sahani za karibu, akamaliza bunduki ya marisau, na alipoinua bunduki ndefu ya kulenga treni tayari alikuwa ndani ya wingu. Risasi ya kwanza, chuma kikalia kama kengele. Ya pili, kengele. Ya tatu ikaenda kwenye tuta la udongo nyuma ya reli. Mzee akasimama. Mbele yake palikuwa peupe kama maziwa, juu tu ncha ya nguzo ya mashariki ikionekana, na saa inaendelea kula sekunde.

"Siioni," alisema, na ile sauti ya mwenyekiti ilikuwa imemtoka. "Jamani, siioni kabisa."

Angeweza kuishusha bunduki wakati ule na kila kitu kingeisha. Lavonne alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Nguzo unaiona?" alimwuliza.

"Ncha."

"Shuka nayo mpaka usawa wa kiuno chako. Usiitafute treni, itakuja yenyewe. Nisikilize mimi." Akageuza uso kuelekea reli, na akahesabu kama anavyohesabu mnara wa mtambo, bila haraka. "Inakuja. Inakuja. Stesheni. Moja, mbili, tatu. Imeondoka."

Ndani ya ile moja-mbili-tatu Jaji alipiga mara mbili, na chuma kikalia mara mbili. Ilipoondoka hakupiga, alingoja, mzee yule asiyejua kungoja hata zamu ya chai. Iliporudi alipiga mbili zaidi. Kufikia safari ya tatu alikuwa anahesabu mwenyewe kwa sauti, anatabasamu na meno yake yote kwenye uso uliojaa masizi. Risasi ya kumi ikatoka. Kitu kikalia. Bunduki ikashushwa.

Wahesabu wawili wa upande wa moshi waliinua mikono. Kosa moja, ile ya tatu. Nyingine zote kapata. Kanuni ni wawili kati ya watatu, na mwenye shaka humwachia mlengaji. Lavonne hakutakiwa hata kufungua mdomo. Lakini sikio lake lilikuwa limesikia. Ule mlio wa mwisho ulikuwa mfupi, wa fremu inayolibeba behewa, si wa behewa lenyewe. Yeye ndiye aliyeichomelea ile fremu.

Jaji alimwona amekunja uso. "Unasemaje, shemeji?"

Emil alikuwa nyuma yake, akamnong'oneza, "Mama, wawili wameshasema. Nyamaza tu, treni imepona."

"Makosa mawili," Lavonne alisema. "Ya mwisho imegonga fremu."

Kila kosa huongeza sekunde tano kwenye muda wako, na sekunde tano zilimtoa Jaji nafasi ya kwanza mbele ya watu wake, kwenye shamba lake. Alivua kofia, akateremka, akatembea mpaka kwenye reli na magoti yake mabovu. Aliinama kwenye behewa la katikati. Kwenye fremu, inchi moja nje ya chuma cheupe, palikuwa na alama mbichi ya risasi inayong'aa. Aliigusa kwa kidole.

"Mawili," alimwambia Shangazi Pilipili. "Andika mawili. Aliyeitengeneza anaujua mlio wake."

Kisha akaenda kwenye ubao wa kazi, watu wote nyuma yake, akafuta kwa mkono wa shati yale maneno "Mke wa Ngurumo", akachukua chaki.

"Treni inabaki," alisema. "Na mtu aliyetengeneza shabaha uwanjani kwangu hawezi kukaa bila jina. Jichagulie, nikuandike kitabuni."

Basi kila mtu akawa na lake. Mama Reli. Malkia wa Stesheni. Mmoja akataka aitwe Bibi Grisi, akapigwa kofi la kofia na mkewe. Lavonne aliwaacha wamalize.

"Jina ninalo," alisema. "Lavonne Hruska."

"Hilo si ni lako la kweli?"

"Ni la kweli. Nimelifanyia kazi miaka thelathini na moja, na hapa ndipo mahali pekee ambapo halijulikani. Andika hilo."

Jaji aliandika kwa herufi kubwa, na hakuna aliyecheka. Alipogeuka hakumwita shemeji. "Lavonne," alisema, "mwezi ujao inaweza kwenda kasi zaidi?"

"Inaweza," alijibu, na ndipo akakumbuka sanduku la kolache likiwa bado limefungwa, akamwambia Emil akawagawie watu.

Julai walikuja walengaji hamsini na mmoja, kumi kati yao kutoka ng'ambo ya mto. Kijana mmoja mgeni alisimama mbele ya ubao, akasoma majina yote ya kutisha, akafika kwenye lile moja la kawaida, akauliza huyo ni nani. Mzee aliyebeba ndoo ya rangi nyeupe kuelekea kwenye reli alisimama kumwonyesha kwa kidole: yule kule, mwenye spana mfukoni.

"Na wewe, mzee, unaitwa nani hapa?" kijana akamwuliza.

"Zamani nilikuwa Ngurumo," Emil alisema, akainua ndoo yake. "Siku hizi ni mume wa Lavonne."