Amplifaya ya Kwaya ya Manyamanyama

Mimi huwa siamini maneno ya muuzaji yeyote, na hilo ndilo lililoniumbua. Biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa nchini, kwaya moja ya Manyamanyama ilipata kinanda kipya, ikaamua kuuza amplifaya yake kuukuu, ile yenye taa za kioo ndani. Kwa muziki wa roki nzito ninaoupiga mimi, hakuna inayonguruma kama hiyo. Nikatoka Makoko mbio na rafiki yangu Magesa.

Kanisani, mbele ya kwaya nzima, nikachomeka gitaa, nikawasha, nikafungua sauti yote. Kimya.

"Mama, hii imekufa," nikamwambia Mama Nyangeta, kiongozi wa kwaya.

"Subiri, mwanangu. Inachelewaga mpaka taa zipate moto."

Kisingizio, nikawaza mimi msomi, niliyezoea redio zinazoitika papo hapo. Nikamwinamia Magesa kumnong'oneza, kando ya maikrofoni ya kwaya iliyochomekwa kwenye amplifaya hiyo hiyo.

"Nitaitengeneza mwenyewe. Wewe nuna tu, tuiponde mpaka watuachie kama chuma chakavu. Mkoa mzima wa Mara hakuna nyingine tamu hivi!"

Kuanzia "nuna tu", sauti yangu ilitikisa madirisha.

Kwaya ikaangua kicheko. Mama Nyangeta akajifuta machozi kwa kanga.

"Imeshapata moto, mwanangu. Endelea kuiponda, tunakusikia."